Hodi Tisini za Wifi Aurelia

Wifi yangu Aurelia hajawahi kuingia mahali bila hodi. Simsifu, nasema alivyo. Hata chooni kwake mwenyewe, kule Lipangalala, anasimama nje ya pazia la gunia akohoe kwanza, na pale nyumbani anaishi peke yake tangu mwanawe Evod apelekwe shule ya bweni. Akija kwangu Michenga, baiskeli anaiegemeza kwenye mpapai, anatembea mpaka ukingo wa uwanja, anasimama. Hodi. Usipojibu anangoja kidogo, anarudia. Zikifika tatu kimya, anageuza baiskeli anarudi alikotoka, hata kama amekuletea samaki na moshi wa jiko lako anauona kwa macho yake. Mama yao ndivyo alivyowalea, yeye na kaka yake Pantaleo, ambaye ndiye mume wangu. Pantaleo tabia hiyo ilimtoka kidogo alipoanza kulala kwenye kambi za wavuvi. Aurelia haikumtoka.

Mimi ni Tekla, na watu wote wa Michenga wanajua nina ulimi. Nilikuwa nikimcheka kwa hodi zake. Nilikuwa namwambia, wifi, siku ya kufa utampigia hodi Mtakatifu Petro mara tatu, akichelewa kujibu utageuza, urudi hapa kutusumbua. Alikuwa anacheka na yeye. Siku hizo tulikuwa tunacheka.

Kiangazi cha mwaka tisini na sita yakaja magari mawili ya serikali, yamejaa waya. Walichimba vishimo kufuata mpaka wa pori, pale mashamba yetu ya mpunga yanapoishia na matete ya wanyama yanapoanzia, wakafukia vikopo vya chuma, kimoja kila hatua hamsini. Waya zote zikaenda kwenye hema moja. Ndani ya hema kulikuwa na kisanduku chenye sindano, na sindano inachora kwenye karatasi inayojikunjua yenyewe. Tuliitwa mkutano shuleni. Wakatuambia chombo hiki kinasikia nyayo za mtu chini ya ardhi, ni cha kulinda mipaka, na kikifaulu kwetu kitapelekwa mpaka wa nchi huko magharibi, ambako watu wanaingia usiku na mchana wakikimbia vita. Mzee mmoja akauliza kama kinaweza kusikia nguruwe pori wanaomaliza mihogo. Wakamwambia hiyo si kazi yake. Tukakibatiza jina, Sikio.

Sasa chombo lazima kijaribiwe. Walitaka mtu mmoja wa kuvuka mpaka mara tatu kwa siku, mwezi mzima, kila mara kwa saa nyingine, pale karibu na hema, asionekane kwa sababu ya matete. Awe anajua kusoma saa na kuandika. Wifi Aurelia alimaliza darasa la saba, na alikuwa na saa ya mkono aliyoachiwa na marehemu mumewe. Wakamchukua. Wakampa daftari la jalada gumu la bluu, akalishonea mfuko wa kitambaa lisipate vumbi. Kila akivuka anaandika saa. Kule hemani fundi wa mradi, kijana mmoja mtaratibu wa mjini aitwaye Anold, anaandika saa ambayo Sikio limesikia. Mwisho wa mwezi wakalinganisha madaftari. Mara tisini Aurelia amevuka, mara tisini amesikika.

Walimpigia makofi. Mkubwa wa mradi alimpa mkono mbele ya kijiji kizima, akasaini daftari, na Aurelia akasaini chini yake. Wakamwajiri abaki pale hemani, kumpikia Anold na kubadilisha maji ya betri, na wakamwahidi kwamba chombo kikikubaliwa, ataajiriwa kabisa awe anafundisha wavukaji wengine huko kitakakopelekwa. Mwanamke mjane wa Lipangalala, mwenye nyumba ya nyasi. Alianza kuchoma matofali mwezi uleule.

Mtu wa kwanza kukamatwa na Sikio alikuwa Shilinde. Huyu ni Msukuma, mfugaji, boma lake liko ng'ambo ya kijito, na alikuwa na ng'ombe wengi. Sindano ilichora, askari wa pori wakakimbia, wakamkuta njiani na fimbo yake. Yeye akasema hajavuka. Wakamwonyesha karatasi. Akafungwa miezi sita kwa kuchungia porini.

Niseme ukweli mimi nilifurahi. Ng'ombe wa Shilinde waliwahi kulala kwenye mpunga wangu ukiwa unatoa masuke, na ile kesi ya baraza haikunipa kitu. Nilisimama kisimani nikasema, mashine haina ndugu wala haili rushwa, safi sana. Wenzangu wakaitikia. Hakuna aliyeuliza kama njia aliyokamatiwa iko upande wa pori au upande wetu. Wazee wanasema mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Mimi kichwa changu nilikiacha kikavu.

Julai ya mwaka uliofuata wakaja kwetu. Tulikuwa tumehamia shambani, kwenye dungu, tunalinda mpunga wa mwisho na ndege. Kumekucha tu, nakoroga uji, nikaona askari wanne wanatoka kwenye matete moja kwa moja hadi kwenye ngazi yetu. Wakasema Sikio limesikia mtu akitoka porini saa kumi na moja alfajiri, na nyumba ya kwanza kutoka pale ni hii. Pantaleo alikuwa bado anafunga shuka. Kulikuwa na nyama chunguni, ya mbuzi, tuliyogawiwa kwenye arobaini ya jirani. Wakasema hiyo ni ya swala. Wakaichukua pamoja na chungu, na mume wangu wakamtia pingu mbele ya wanangu. Alipelekwa mahabusu mjini, na tukaambiwa kesi yake ikitajwa mara ya pili karatasi ya Sikio italetwa, na baada ya hapo ni miaka, si miezi.

Siku ileile jioni Aurelia akaja na baiskeli. Nilikuwa nimerudi nyumbani Michenga, nimekaa jikoni na moto unawaka. Hodi. Nikamsikia. Nilikuwa na hasira ambayo sijawahi kuwa nayo, hata siku ya kufiwa. Huyu ndiye aliyelisainia lile lidude. Huyu ndiye anachoma matofali kwa ajili yake. Hodi. Nikageuza kuni. Hodi. Nikasikia baiskeli inageuzwa. Akaja tena kesho yake, na keshokutwa yake, na zote nikamnyamazia. Kwetu sisi hakuna tusi kubwa kuliko hilo. Ni afadhali umwambie mtu toka.

Wiki nzima sikulala vizuri. Nikilala naona chungu kinabebwa. Mchana siwezi kukaa. Naanza kufagia naacha, naanza kutwanga naacha, natoka kwenda kwa mwenyekiti kuuliza jambo ambalo jana yake nimeshauliza. Siku ya nane Aurelia akaja tena. Hodi, nikanyamaza, nimekaa palepale kwenye kigoda, nikawa nasema moyoni, mwanamke huyu na hodi zake, mtu hamtaki bado anapiga hodi, hata ukimweka porini atawapigia hodi nyati.

Nikasimama. Hodi ya tatu ilikuwa haijapigwa. Nilitoka nje mikono ina majivu.

"Wifi," nikamwambia, hata salamu sikumpa, "kule hemani ulikuwa unapiga hodi?"

Akanishangaa. "Sasa ningeingiaje kwa mtu? Anold analala mle, anakula mle."

"Ulikuwa unapiga ukishavuka mpaka au kabla hujavuka?"

Akafikiri. "Kabla. Hema liko hatua kumi tu kutoka kwenye waya. Nikifika mwisho wa matete napiga hodi, ananiambia karibu mama, ndipo navuka."

"Mara zote?"

 Niliona uso wake unabadilika taratibu, nikajua kwamba hakuwa amewahi kulifikiria. Tisini, wala hakuna moja aliyoificha. Sikio lilikuwa na masikio ya Anold.

"Tekla," akasema, na huwa haniiti jina, "nimesaini."

"Wakaguzi wanakuja Alhamisi," nikamwambia. "Kesi ni Jumatatu."

Habari za wakaguzi zilikuwa zimezagaa kijijini. Serikali haikununua chombo kwa neno la fundi peke yake. Walikuwa wanatuma watu wengine wakasome madaftari, waone kama majaribio yalifanywa sawasawa, kabla ya kukipeleka mpaka wa nchi. Alhamisi ndiyo siku Aurelia angepata kazi yake ya kudumu, au aikose. Sikumwambia hayo, aliyajua kuliko mimi. Aliondoka bila kuniahidi kitu, na mimi kwa kiburi changu sikumwomba. Siku tatu hizo niliishi kwa shida. Ijapokuwa Pantaleo ni kaka yake wa tumbo moja, nilijiuliza kama damu inatosha. Mtu akishazoea kuitwa mbele ya mkutano, akishachoma matofali, anaweza kujiambia mengi.

Alhamisi tulikwenda wengi. Mkaguzi alikuwa mwanamke, mtu mzima, mama Rosemery, miwani yake imefungwa kamba shingoni. Alikaa kwenye kiti mbele ya hema, madaftari mawili magotini, analinganisha kwa kidole, mstari kwa mstari. Alipofika mwisho akasema hajawahi kuona tisini kwa tisini katika kazi yake yote. Mkubwa wa mradi akatabasamu. Aurelia alikuwa amesimama nyuma na birika la chai.

Akaliweka chini.

"Shikamoo mama," akasema.

"Marahaba."

"Zile tisini zote nilipiga hodi kwanza."

Watu wakacheka. Anold naye akacheka, halafu akaacha. Mama Rosemery akavua miwani.

"Na wewe ulikuwa unamjibu?" akamuuliza Anold.

"Nilikuwa namkaribisha."

"Halafu?"

"Halafu naangalia karatasi."

"Na karatasi ilikuwa na alama?"

"Haikosi alama," akasema Anold, na niliona amesikia mwenyewe alichosema. "Sindano inachora kutwa. Udongo wenu huu mweusi ukikauka unapasuka, na kila unapopasuka inachora. Vyura, ng'ombe, upepo kwenye matete. Nilikuwa natafuta alama iliyo karibu na hodi, naandika hiyo."

Simchukii Anold. Hakuwa mwongo. Mgeni amepiga hodi, angefanya nini, asimjibu? Yeye alikaribisha, wifi alipita, wote wawili wana adabu, na adabu yao ikamfunga Shilinde na kumtia pingu mume wangu.

Mkubwa wa mradi alianza kusema kwa haraka kwamba hilo ni jambo dogo. Mama Rosemery akamwambia tutaona sasa hivi. Akamtuma Aurelia aende akavuke mara tano, atakapotaka, bila kusema chochote, na msaidizi wa mkaguzi amfuate kwa mbali aandike saa. Anold ndani ya hema aandike kila Sikio linapomsikia. Sisi tukae kimya.

Tukakaa. Jua linachoma, nzi wanatuzunguka, hakuna anayethubutu kukohoa.  Nilijua kitu kimoja tu, kwamba sindano ikimsikia kweli mara tano, Pantaleo amekwisha. Dakika zikapita. Halafu kutoka kwenye matete, sauti ndogo, ya adabu kabisa.

"Hodi."

Watu walicheka mpaka wakalala chini. Mimi sikucheka. Aurelia akatoka, machozi yanamlengalenga, akasema, mama nisamehe, imetoka yenyewe. Mkaguzi akamwambia arudie. Nikajua atarudia kosa lilelile, kwa sababu hodi haikuwa mdomoni mwake, ilikuwa kwenye mifupa.

Nikachukua kata ya maji kwenye mtungi wa Anold, nikamfuata. Wanawake wenye ulimi kama mimi tuna dawa yetu, tunapewa na bibi zetu siku ya kuolewa. Mume akifoka, weka maji mdomoni, usimeze wala usiteme mpaka amalize. Mimi ilinishinda, huwa nameza. Nikamwambia, "Chukua, jaza mashavu." Hiyo ilikuwa mara ya kwanza tangu Pantaleo akamatwe kumpa kitu kwa mkono wangu. Akayatia mdomoni, akaufumba, akaingia kwenye matete na mashavu yamevimba.

Tukangoja tena. Ndani ya hema tulimsikia Anold akisema, "Amevuka." Akaandika. Baada ya muda, "Amevuka tena." Akaandika. Na tena. Ilipofika ya nne mama Rosemery akageuza kichwa, na sisi wote tukageuza, kwa sababu Aurelia alikuwa amesimama nyuma ya kiti chake, maji mdomoni, ametulia, amevuka waya kitambo na hakuna chombo kilichosema neno. Mwenyewe alikuwa anangoja tu aambiwe karibu.

Alivuka mara tano. Anold aliandika kumi na moja. Iliyopatana na saa ya msaidizi ilikuwa moja tu, na hiyo Anold mwenyewe alisema ni bahati. Mama Rosemery alifunga madaftari, akasema kisanduku kizimwe, na karatasi ya alfajiri ile ya kwetu iletwe kwake na wala isipelekwe mahakamani. Hakupandisha sauti. Mkubwa wa mradi alikwenda kukaa ndani ya gari.

Jumatatu Pantaleo alitoka. Amekonda, ndevu zimeota ovyo, lakini alitoka. Sikio lilifukuliwa wiki ileile, vikopo vikapakiwa kwenye lori vikiwa na udongo wetu, na hatukuambiwa kama vinakwenda kutengenezwa au vinakwenda kule magharibi hivyohivyo. Jambo hilo linanikosesha raha mpaka leo. Kazi ya Aurelia iliishia palepale. Matofali yake yamebaki yamepangwa nje ya nyumba ya nyasi, na mvua za masika zinayala.

Tulifanya chakula kumkaribisha Pantaleo. Nilichinja kuku wawili. Aurelia alikuja, akapiga hodi, na kabla haijaisha nikasema karibu, karibu, kwa sauti mpaka jirani akaitikia. Akakaa. Hakula. Nikadhani ni kwa ajili ya kazi, nikaanza kumtania kwamba mashavu yake bado yana maji. Akaniangalia.

"Siku ya Shilinde nilikuwepo hemani," akasema. "Nilikuwa namenya viazi. Sindano ilipochora, nilizisikia kengele za ng'ombe wake. Zilikuwa upande wetu, Tekla. Mbali kabisa na waya."

Pantaleo akaacha kutafuna.

"Kwa nini hukusema?" akamuuliza.

"Nilisema moyoni, Sikio linajua kuliko mimi."

 Mimi nilikumbuka kisimani, na lile neno langu la safi sana. Nilitaka kumwambia basi, yameshapita, lakini Shilinde alipotoka gerezani alikuta ng'ombe kumi na mmoja na mke ameshakwenda kwao na watoto, na hayo hayakuwa yamepita.

Jumamosi tulikwenda wawili. Tulivuka kijito tumebeba baiskeli, na kwenye kapu kulikuwa na mchele mpya. Boma la Shilinde lina uzio wa miiba. Tulisimama mlangoni. Moshi ulikuwa unatoka, na kupitia kwenye miiba nilimwona mwenyewe amekaa kwenye kigoda, ametupa mgongo.

Aurelia akapiga hodi. Nikapiga na mimi, sauti mbili pamoja. Hakugeuka. Tukangoja, tukapiga ya pili. Ng'ombe mmoja akatikisa kengele. Tukapiga ya tatu, na Aurelia akangoja zaidi ya anavyongojaga kwa watu wengine, kisha akauweka mchele chini kando ya mlango, akageuza baiskeli.

Tangu hapo anakwenda kila Jumamosi. Anapiga tatu, hajibiwi, anarudi. Pantaleo amemwambia aache, anajiaibisha. Mimi sijamwambia aache. Nilikaa siku nane jikoni mwangu nikimsikia akiita, najua yule aliye ndani anasikia kila moja.